Ukurasa Mmoja kwa Bi Sifaeli

Bi Sifaeli anataka jibu kabla ya Ijumaa:
tuendelee na lugha ya Lwitiko, au tuizike?
Ukurasa mmoja, amesema. Usiniletee insha.

Ghorofa ya tatu, Kijitonyama.
LUKU inalia ukutani, uniti nne zimebaki.
Nimefungua daftari la mikopo,
mistari elfu mbili mia tatu na kumi
aliyoiandika Lwitiko kabla hajahamia Kigali
kwa mshahara ambao sisi hata kuutamka tuliona haya.

Lugha hii haijui kufuta.
Ukishasema deni la Mama Kondo ni laki nne,
ni laki nne mpaka kiama.
Akilipa, huandiki juu yake;
unaandika deni jipya kando,
na lile la zamani linabaki, linakutazama.
Kila kipande cha kazi kinapokea, kinatoa, basi.
Hakigusi cha jirani,
hakiachi vikombe vichafu mezani.
Miaka sita, haijapotea hata senti.
Mara moja tulidhani imekosea, tukakesha nayo:
ilikuwa sifuri moja ya ziada,
kidole cha karani wetu wa Mbagala.

Nikiishia hapo nitakuwa nimesema kweli
na nimedanganya.

Maana mwezi wa pili tulitangaza nafasi ya kazi.
Walikuja wawili.
Mmoja alidhani ni lugha ya kuzungumza,
akaja na cheti cha Kifaransa.
Wa pili aliijua, tena aliijua hasa,
akataja mshahara uleule wa Kigali.
Na kile kiungo cha kusomea malipo ya simu,
mtunzaji wake aliacha ujumbe mwaka juzi:
nimepata mtoto, nitarudi.
Hajarudi. Mtoto sasa anakimbia.

Kizuri chajiuza, anasema Tumsime wa mauzo,
mbona hiki chako hakijiuzi?
Malizia methali, nikamwambia.
Akacheka.
Kicheko si hoja. Wala methali si hoja.

Kwa bibi yangu, Chanika, nilisemeshwa Kizaramo
nikajibu kwa Kiswahili.
Hakuna aliyetuitisha kikao kuuliza kina faida gani.
Tulipiga hesabu wenyewe, kimyakimya, kila mjukuu na yake:
shuleni hakitakiwi, kazini hakitakiwi.
Hesabu ikatoka sawa.
Bibi alikuwa na neno
la deni ambalo mtu halidai ila halisahau.
Maana yake ninayo.
Sauti yake imenitoka.

Lakini taarifa si tanga.
Bi Sifaeli hakuniuliza ninaomboleza nini.

Yupo Nuru Chaurembo, wa mafunzo kwa vitendo, miezi mitatu.
Nilimpa sehemu ya riba airekebishe,
sikumwambia kuwa ni ngumu.
Siku nne alilaani.
Ya tano akanyamaza, nikaogopa.
Leo asubuhi ameniletea mistari kumi na mmoja
palipokuwa na arobaini,
akauliza, kama mtu aliyeibiwa:
kwa nini kule kwingine tunaacha vitu vibadilike ovyo?

Swali hilo sijui niliweke aya ya ngapi.

Naandika:
Kila kipya tukijenge kwa lugha ya wengi.
Hatuna ubavu wa kuwa wapweke mara mbili.
Daftari la madeni libaki lilivyo
mpaka wapatikane watatu wanaolisoma,
au asiwepo hata mmoja.
Kwa sasa tuko mmoja na nusu.

LUKU inalia tena. Naingiza tarakimu ishirini,
nakosea ya mwisho, naanza upya.

Nikirudi nafuta "na nusu",
maana taarifa, yenyewe, inaruhusu kufuta.
Naandika jina lake kamili, Nuru Binti Chaurembo,
na nambari yake ya simu.
Ukurasa umevuka kwa mstari mmoja.
Nauacha uvuke.